Ukikutana na polisi mwenye bunduki Kisii au Nyamira

Tukizungumza kuhusu polisi na risasi, mawazo hukimbilia maandamano: vitoa machozi katikati ya mji wa Kisii, maduka yamefungwa, vijana na askari wakitazamana. Lakini mkazi wa kawaida wa Gusii hukutana na bunduki ya serikali mahali pengine. Ni mwendesha bodaboda anayemulikwa tochi saa nne usiku kati ya Keroka na Kijauri. Ni wanywaji wa chang'aa kijijini Bobasi waliovamiwa kabla glasi ya pili haijaisha. Ni mama aliyeamshwa saa nane za usiku na wanaume wanaogonga mlango wakisema wao ni polisi. Ni mchuuzi wa Daraja Mbili aliyekumbwa na msako asiojua unamtafuta nani.

Makala haya ni ya watu hao, na yana neno moja kuu: barabarani si mahakamani. Mbele ya bunduki una kazi mbili tu, kutoka ukiwa hai na kutoka na kumbukumbu ya kilichotokea. Haki yako, hata iwe kubwa namna gani, utaidai baadaye, mahali ambapo hakuna mtutu ulioelekezwa kifuani mwako. Wapo wanaoona ushauri huu kuwa ni woga. Mimi naona ni hesabu. Mtu aliyekufa hawezi kushtaki, na asiyekumbuka jina wala saa hushtaki kwa shida.

Tuanze na sekunde za kwanza, kwa sababu ndizo zinazoua. Askari aliye kizuizini usiku hajui wewe ni nani. Anachotazama ni mikono yako. Ukisimamishwa ukiwa kwenye pikipiki, simama kabisa, zima injini, acha taa ikiwaka, na mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Abiria wako naye aweke mikono magotini, asishuke mpaka aambiwe. Ukiwa ndani ya gari, washa taa ya ndani na uweke mikono juu ya usukani. Usiingize mkono mfukoni, usiinamie chini ya kiti, usitoe simu kuanza kurekodi ghafla. Gizani simu na bastola havipishani sana. Ukitakiwa kitambulisho, sema kwanza, kisha tenda: "Afande, kitambulisho kiko mfuko wa nyuma. Naomba nikitoe." Subiri ajibu. Halafu kitoe polepole.

Zungumza Kiswahili. Jambo hili laonekana dogo, lakini askari wengi wanaohudumu Gusii wametoka kaunti nyingine, na ukigeuka kumwambia abiria wako neno kwa Ekegusii, hata kama ni "tulia tu," afande atahisi mnapanga njama. Sauti iwe ya kawaida. Usimwite majina ya mitandaoni, usimtajie binamu yako aliye Nairobi ofisini kwa mkubwa fulani. Vitisho vya kujuana na wakubwa humkasirisha askari kuliko matusi.

Kisha usikimbie. Narudia kwa sababu hapa kwetu kukimbia ni mazoea. Nchi yenyewe inashawishi: miteremko, vijia vyembamba, migomba inayofunika boma zima, mashamba ya chai ambamo mtu akiinama hupotea. Tena Gusii ina kumbukumbu ndefu ya bunduki za serikali. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa wa Kiingereza Geoffrey Northcote, wakoloni walileta askari wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe, na watu wakakimbilia mafichoni. Wazo kwamba usalama uko nyuma ya migomba halikuanza jana.

Lakini fikiria anachokiona mwenye bunduki. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu ikibidi ilingane na kosa pamoja na upinzani anaokabiliana nao. Bunduki inaruhusiwa kwa hali chache, kubwa zaidi ikiwa ni kuokoa maisha, yake au ya mwingine, dhidi ya hatari iliyo mbele yake. Kabla ya kufyatua anapaswa kujitambulisha na kutoa onyo la wazi, na kumpa mtu muda wa kulitii, isipokuwa pale kuchelewa kungehatarisha maisha. Mlevi anayetoka mbio kwenye nyumba ya chang'aa hayumo kabisa katika hali hizo. Sheria iko upande wake. Gizani, hata hivyo, askari haoni mlevi. Anaona kivuli kinachokimbia, na mkononi mwa kivuli hicho pengine kuna kitu. Kesi ya chang'aa huishia faini au kifungo. Kaa chini, mikono juu ya kichwa, ukamatwe, upelekwe.

Mlango unapogongwa usiku mambo huwa magumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu majambazi wanaojiita polisi wamewaibia watu wengi nchini, na polisi halisi wasiovaa sare nao hawatofautiki nao kwa sura. Usifungue papo hapo, wala usinyamaze. Washa taa, simama pembeni ya mlango badala ya mbele yake, na ujibu kwa sauti: "Nawasikia. Ni nani, na mmetoka kituo gani?" Kila afisa ana cheti cha uteuzi chenye jina na nambari yake, omba kionyeshwe dirishani. Wakati huo huo mtu mwingine nyumbani apige simu: kwa chifu au naibu wake, kwa mzee wa kijiji, kwa nambari ya dharura 999 au 112. Chifu wa lokesheni kwa kawaida ana nambari ya OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Swali la kumuuliza ni fupi: je, mna maafisa kwa fulani sasa hivi?

Kuna jambo la nduru. Katika vijiji vyetu nduru ikipigwa usiku, wanaume hutoka na panga, rungu na mawe, na ni heri watoke, maana ndiyo ulinzi pekee wa boma lililo mbali na kituo. Lakini ikiwa waliokuja ni polisi wa kweli, umati wenye panga ukiwazunguka gizani, hapo ndipo sheria inapowapa sababu ya kufyatua. Wazee wa Nyumba Kumi wangefanya vema kukubaliana mapema na majirani: wanaofika wasimame mbali, wamulike tochi chini, na mtu mmoja tu, mzee anayejulikana, asogee kuuliza. Panga zibaki nyuma. Mashahidi 30 wasio na silaha wanamlinda aliyekamatwa kuliko vijana 30 wenye mawe.

Ikithibitika ni polisi, fungua polepole, mikono ikionekana, na utangulie kusema waliomo ndani: "Kuna watoto wawili na mama mgonjwa chumba cha kushoto." Usizuie mlango kwa mwili wako. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamtaka mwenye nyumba amruhusu afisa anayemfuata mtu wa kukamatwa aingie, na akikataliwa anaweza kuvunja. Kwa upekuzi, omba kuona hati ya mahakama. Kwa kawaida hati hiyo hutekelezwa kati ya macheo na machweo, ila hakimu akiruhusu saa nyingine. Zipo hali ambazo polisi wanaruhusiwa kupekua bila hati, na hapo usiku hutaweza kushinda mjadala wa kama hali hiyo ipo au haipo. Sema mara moja, kwa utulivu: "Sikubali upekuzi huu bila hati, lakini sitawazuia." Maneno hayo yatakuwa na thamani mbele ya hakimu. Mtu mmoja wa nyumbani aandamane na anayepekua chumba kwa chumba. Pesa zihesabiwe mbele ya macho yenu. Vitu vinavyochukuliwa viandikwe kwenye orodha, na usitie sahihi orodha usiyoisoma. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Sheria inasema hivyo, wala si hisani ya mtu.

Simu yako ni nyumba nyingine ndogo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu, mali na mawasiliano yake, na huna wajibu wa kutoa nambari ya siri pale barabarani. Askari akiichukua kwa nguvu, mwachie. Hakikisha tu imeandikwa kwenye orodha ya vitu vyako kituoni. Kuhusu kurekodi, hakuna sheria inayokataza kumpiga picha askari akiwa kazini mahali pa wazi, lakini anayepaswa kurekodi si yule anayekamatwa. Ni jirani aliye ng'ambo ya barabara, mwenye duka aliye nyuma ya dirisha. Arekodi akiwa mbali, aonyeshe nambari ya gari na nyuso, kisha amtumie mtu mwingine video hiyo mara moja. Ndani ya kituo cha polisi usijaribu.

Neno kuhusu kitu kidogo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika mpokeaji na mtoaji pia, kwa hiyo usiwe wa kwanza kutaja pesa, hata kwa mafumbo ya chai. Lakini mwenye bunduki akikudai pesa usiku mahali pasipo na watu, huo ni unyang'anyi. Mpe. Shika jina na mahali, ukaripoti asubuhi.

Sasa umekamatwa. Pingu zimefungwa, uko karibu kupandishwa gari. Uliza maswali mawili tu: nakamatwa kwa kosa gani, na tunakwenda kituo kipi? Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Mama mzee wa Manga asiyejua Kiswahili ana haki ya kuelezwa kwa Ekegusii. Kisha wageukie waliosimama hapo na utamke kwa sauti jina lako kamili, jina la kituo, na mtu wa kuarifiwa. Usione haya. Watu wamepona, na wengine wamepotea, kwa sababu ya jambo hili moja.

Mwaka 2016 mwendesha bodaboda Josphat Mwenda, aliyekuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi, alitekwa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walipokuwa wakitoka mahakama ya Mavoko. Wakiwa wamefungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, Mwenda aliandika ujumbe kwenye karatasi ya msalani akautupa nje ukaokotwa. Watatu hao waliuawa, miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Lakini kikaratasi kile kilikuwa miongoni mwa ushahidi uliowaunganisha na kambi ile, na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu na mpasha habari wao. Mwaka uliofuata afisa mmoja alihukumiwa kifo, wenzake vifungo virefu.

Mfano mwingine uko jirani kabisa. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya ujumbe wa mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi wa kituo cha Central. Baba yake alifunga safari kumfuata akiwa amebeba hatimiliki ya shamba ili iwe dhamana. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo hayakuelekea kuwa ya kujiumiza mwenyewe. Maafisa, akiwemo OCS wa kituo hicho, walishtakiwa kwa mauaji. Kwa familia za Gusii funzo la vitendo ni hili: mtu wenu akichukuliwa na kupelekwa mbali, mtu wa kwanza kuamka asiwe mwenye kutafuta nauli. Awe anayempigia simu jamaa aliye katika mji anaopelekwa, aende kituoni sasa hivi, aonekane, aulize jina lake kaunta. Mahabusu aliyeulizwa na watu hafichiki kwa urahisi.

Ndani ya kituo, kitabu kikubwa mezani ndicho muhimu kuliko mtu yeyote aliye nyuma ya meza. Hicho ni OB. Kila aliyeingizwa lazima aandikwe humo, na kila maandishi yana nambari yake, kwa mfano OB 17/09/05/2025, yaani andiko la 17 la tarehe 9 Mei 2025. Jamaa waiombe nambari hiyo na kuiandika. Mkiambiwa "hayupo hapa" na hali mlimwona akishushwa, andikeni saa, jina au nambari ya afisa aliyesema hivyo, na muombe habari hiyo yenyewe iandikwe kwenye OB. Afisa mwenye sare anapaswa kuwa na jina au nambari ya huduma inayoonekana wazi.

Baada ya kutaja jina lako, anwani na mtu wako, nyamaza. Haki ya kunyamaza haikufanyi mkosaji. Usitie sahihi maelezo usiyoyasoma, na usikiri kitu ili "mambo yaishe": kukiri kunakokubalika mahakamani hufanyika mbele ya hakimu, au mbele ya afisa mwenye cheo asiyekuwa mpelelezi wa kesi yako, pamoja na mtu uliyemchagua wewe.

Saa 24 ndizo kikomo cha kukuweka bila kukufikisha kortini. Zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, unafikishwa siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana wanaotaka kumtesa mtu humkamata Ijumaa jioni, akalala seli hadi Jumatatu, na Wakenya wakaibatiza siku hiyo jina la kamata kamata. Lakini bondi ya polisi inaweza kutolewa wikendi pia, na bondi hiyo haina malipo. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, dai risiti; pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba hairuhusu mtu awekwe rumande kwa ajili yake. Wengi wanaolala seli za Gusii kwa makosa madogo madogo hawajui hilo.

Mtoto ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai, na mtoto yeyote hawekwi seli moja na watu wazima. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa mkononi, au cheti cha kliniki kama hicho hakipo.

Maandamano nayagusia kwa haraka, kwa kuwa yameandikwa sana tangu Juni 2024, vijana wa Kisii walipojiunga na wenzao nchini kupinga Mswada wa Fedha. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya usalama wa umma inataka OCS ajulishwe kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Ni taarifa, si ombi la ruhusa. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliwaagiza polisi wanaoshughulikia maandamano wavae sare, wasifiche nyuso na wasifiche majina yao. Mwaka uliofuata, Waziri wa Usalama Kipchumba Murkomen alizungumzia kuwapiga risasi wanaokaribia vituo vya polisi, naye Rais William Ruto akasema wanaochoma mali za watu wapigwe miguuni. Kauli za jukwaani hazibadilishi Jedwali la Sita, ila huenda zikabadilisha alichonacho kichwani askari kijana wa miaka 23 aliyepewa bunduki ya G3. Kwa hiyo usipite karibu na kituo cha polisi wala ofisi ya chifu siku hiyo hata kama ndiyo njia yako ya kila siku. Usiokote mkebe wa gesi. Moshi ukikupata, elekea upande unakotoka upepo, osha macho kwa maji safi, usiyasugue. Ukiona walio mstari wa mbele wameanza kurusha mawe, maandamano yako yamekwisha, nenda nyumbani.

Mtu akipigwa risasi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kukiondoa kuangalia. Usitafute risasi, usimwage chochote ndani ya kidonda. Kimbilia hospitali kubwa: ya rufaa na mafunzo ya Kisii kwa walio upande huo, au ya rufaa ya kaunti ya Nyamira. Kifungu cha 43 hakimruhusu yeyote kukataa kumtibu mtu wa dharura, kwa hiyo usikubali kuambiwa uanze na ripoti ya polisi. Tiba kwanza. Fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, P3, inayotolewa kituoni bila malipo, itafuata. Ikiwa waliokuumiza ni wa kituo kile kile, iombe kituo kingine, na umsihi daktari aandike kila alichokiona kwenye faili la hospitali. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikaushwe na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi. Risasi ikitolewa kwenye chumba cha upasuaji, ni ushahidi. Muulize daktari ameikabidhi kwa nani na ameiandika wapi.

Akifa, msiharakishe mazishi. Najua uzito wa maneno haya Gusii, ambapo mwili kukaa mochari ni gharama na minong'ono. Lakini kaburi likishafunikwa, kuufukua mwili kunahitaji amri ya mahakama na machozi mapya. Subirini uchunguzi wa maiti, na ombeni daktari wa upande wa familia awepo. Shirika la IMLU limekuwa likizisaidia familia zisizo na uwezo.

Baada ya hapo kuna IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Polisi wenyewe wanalazimika kuiarifu wakisababisha kifo au jeraha baya, lakini usiwategemee kwa hilo. Piga 1559, bila malipo, au fika ofisi yao ya Kisumu. Haitoi hukumu, inachunguza na kupendekeza mashtaka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Inachukua muda mrefu, wakati mwingine miaka, na wanaopeleka malalamiko yenye jina, saa, mahali, nambari ya gari na nambari ya OB hawangoji kama wanaopeleka uchungu peke yake. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, hupokea simu bila malipo kwa 0800 720 627. Shahidi anayetishwa anaweza kuomba ulinzi wa serikali kupitia Wakala wa Kuwalinda Mashahidi. Na Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kitu ambacho mawakili wengi hawakitangazi: kufungua kesi ya kudai haki iliyovunjwa hakutozwi ada, na mahakama inaweza kuipokea hata ikiwa imeandikwa kwa njia isiyo rasmi. Mahakama Kuu ziko Kisii na Nyamira.

Leo kabla hujalala, chukua kipande cha karatasi uandike nambari nne: 1559, ya chifu wako, ya wakili yeyote unayemjua au aliyewahi kumsaidia jirani, na ya jamaa mmoja aliye nje ya kaunti. Zikariri mbili kati ya hizo, maana simu itachukuliwa. Karatasi ibandike nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma.